Kambere Maliro Zorobabel, Mkaushaji wa Nyumba (1944–2003)

Ninyi mliopanda kilima hiki tangu asubuhi, na ninyi mnaosoma karatasi hii mkisimama nje kwa sababu ndani ya kanisa hakuna nafasi tena: poleni, na aksanti. Tunayemzika leo, siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 14 Juni 2003, wengi wenu mlimwita Papa Zorobabel. Wengine mlimwita Fundi. Watoto wa mtaa walimpa jina la tatu, ambalo tutalifikia. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake, Phinées, kwa idhini ya mjane.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 huko Masereka, katika milima ya Lubero. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume wa Mzee Maliro na Mama Kahongya, na kwa desturi yetu akaitwa Kambere. Baridi ya Masereka mnaijua: ukungu huingia ndani asubuhi bila kupiga hodi. Mama yetu alisimulia kwamba nyumba yao ilikuwa imekandikwa udongo mpya wiki ile ile aliyojifungua, na ilibidi moto uwashwe kati ya kitanda na ukuta ili mtoto asipate kifua. Alipoanza kutambaa alikuwa na tabia moja: aliweka sikio ukutani, akanyamaza. Mama alimwuliza, “Uko unasikiliza nini, weye?” Wakubwa walisema ni panya.

Alisoma shule ya msingi Masereka, kuanzia 1951 hadi 1957, kisha akashuka Butembo kujifunza ujenzi. Mwaka 1966 kanisa lilimtuma Berlin, upande wa Magharibi, akaongeze elimu hiyo. Mji huo wakati ule ulikuwa umekatwa vipande viwili na ukuta ambao dunia nzima iliusikia. Wageni walipanda jukwaa la mbao ili wauone. Zorobabel aliutazama mara moja, akasema umejengwa kwa haraka, na hakurudi tena. Kuta zilizomvuta zilikuwa zile za Wedding, mtaa wa wafanyakazi, alimokodi chumba kwa mama mjane aliyeitwa Hedwig Lüdtke.

Nyumba za mtaa ule zilikuwa nyeusi kwa moshi wa makaa ya mawe. Unapita lango la barabarani, unakuta ua. Nyuma ya ua kuna nyumba nyingine, na nyuma ya hiyo ua mwingine, mpaka ule wa mwisho, ambao jua huugusa kidogo wakati wa joto na kuusahau mwaka mzima uliobaki. Mama Hedwig alikuwa amezeeka katika nyua hizo. Alimsimulia mambo ambayo hayaandikwi chini ya sanamu za wafalme. Alisema utotoni kitanda chake kilikodishwa mchana kwa mwoka mikate aliyefanya kazi usiku. Sura ya mtu huyo hakuijua hata siku moja. Alijua joto tu, lile aliloliacha kwenye shuka.

Tena alimsimulia habari ya wakaushaji. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa mji ule ulikua kama uyoga baada ya mvua. Matajiri walijenga nyumba za ghorofa tano, safu kwa safu, kwa matofali na chokaa. Na chokaa haikauki kama nguo kwenye kamba. Ili igeuke jiwe, inataka joto, tena inataka ile hewa ambayo mtu anaitoa kifuani. Basi wenye nyumba hawakungoja. Waliwafungulia maskini milango kwa kodi ndogo sana. Maskini wakaingia na watoto na majiko yao, wakapika, wakafua, wakalala, wakapumua. Miezi michache ikipita, ukuta umekuwa mgumu, wapangaji wa kweli wanakuja na mapazia yao, na maskini wanapakia godoro kwenye mkokoteni kwenda kutafuta nyumba nyingine mbichi. Watu hao waliitwa Trockenwohner, yaani wakaaji wa kukausha. Hedwig alizaliwa mwaka 1893 katika nyumba mbichi, na hakulala katika nyumba kavu mpaka alipoolewa. Walikuwa watoto wanne. Wawili walikufa kwa kifua kabla ya kuota meno ya pili.

Siku moja ya Bwana, baada ya ibada, alimpeleka Zorobabel kutembea. Alisimama mbele ya nyumba fulani ya kona, akaingia kwenye ngazi kama mtu anayerudi kwake, akaweka sikio ukutani. “Hapa tulikaa mwaka 1901,” alisema. “Njoo usikilize.” Mgeni akaweka sikio. Akasikia mwanamke anakohoa, kikohozi kifupi, karibu sana. Akageuka kumwambia mama yule pole. Hedwig alikuwa amejifunika kitambaa mdomoni na alikuwa hakohoi.

“Ukuta hauwatunzi wafu, kijana,” alimwambia. “Unaitunza pumzi ya mtu wakati mwenyewe bado anapumua. Tulikuwa wawili humu, mimi na kaka yangu Otto. Otto alikwenda vitani. Siku moja ya mwaka 1916 nilipita hapa nikakuta nimebaki peke yangu. Jeshi lilituambia baadaye.”

Zorobabel alicheka kwa adabu. Alisema ni bomba la maji. Mama Hedwig alikufa Februari 1970. Kijana huyo alisaidia kubeba jeneza, na wakati wa kutoka makaburini alipita kwenye nyumba ya kona, akaweka sikio. Alisikia magari barabarani na kitu kingine hakuna. Jambo hili hakumwambia mtu isipokuwa mke wake. Sisi ndugu tulilisikia mwaka huu, alipokuwa kitandani.

Alirudi nyumbani Machi 1970, akafanya kazi ya ujenzi kwa zaidi ya miaka ishirini kati ya Lubero na Oicha. Madarasa mengi mliyosomea, na maghala ya kahawa mnayoyapita bila kuyatazama, yametoka mikononi mwake. Mafundi waliofanya kazi naye wanakumbuka neno lake, “Ukuta si ugali,” alilolisema kila mtu alipotaka kupaka rangi kabla ya wakati. Alijua Kinande, Kiswahili, Kilingala, Kifaransa na Kijerumani, lakini alikuwa mtu wa maneno machache katika zote tano.

Mke wake, Mama Mariette, alimkuta sokoni Butembo. Alikuwa msichana wa Kyavinyonge aliyepanda na samaki wa kukausha kutoka ziwani. Zorobabel aliinua tilapia moja, akaigeuza, akaibonyeza kwa kidole.

“Samaki yako hapana kauka muzuri.”

“Na weye ulishakausha nini katika maisha yako?” Mariette alimjibu. “Weka samaki ya watu chini, Muzungu mweusi.”

Alinunua kikapu chote. Walifunga ndoa kanisani, hapa Butembo, tarehe 10 Agosti 1974, na Mungu akawapa watoto watatu: Éliakim, Ézéchias, na kitinda mimba Bénite, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1986. Walijenga Oicha, nyumba ya matofali yenye veranda pande mbili. Ndiyo nyumba pekee aliyoijenga kwa ajili yake mwenyewe.

Vita vya kwanza vilipita barabarani mwaka 1996, navyo vilikuwa na haraka. Vita vya pili vilikuja kukaa. Mwaka 1999 commandant mmoja, mkuu wa askari, alisimama kwenye ile veranda, akatazama dari, akatazama milango.

“Papa, nyumba yako ni muzuri. Tunaipenda.”

“Hata mimi,” alisema Zorobabel.

Familia ilitoka siku hiyo hiyo na godoro, masufuria na cherehani ya Mariette. Walifika Butembo, ambako kila chumba kilikuwa tayari na familia mbili. Wakati huo mfanyabiashara Henri, ambaye yuko nasi hapa leo na ametoa gari la kubebea jeneza, alikuwa amemaliza kuta za nyumba yake ya ghorofa. Saruji ilikuwa haivuki mpaka, kwa hiyo mafundi walikuwa wamerudia chokaa ya zamani. Nyumba ilisimama mbichi na tupu. Zorobabel aliizunguka, akaipapasa, akamwendea mwenyewe.

“Papa Henri, nyumba yako iko inatoka jasho.”

“Itakauka.”

“Itakauka na nani? Nyumba ya chokaa hapana kauka yenyewe. Na basoda benye bunduki bakiona madirisha bila mutu, bo batakukaushia.”

“Donc unataka niweke batu ndani ya maji?”

“Uniweke mimi na batoto bangu. Siku ukuta ikisema imetosha, tunatoka bila makelele. Kule Ulaya bilifanyikaka vile.”

“Bazungu balikalaka ndani ya maji?”

“Maskini ya Bazungu.”

Henri alipiga makofi kwa kicheko. “Kumbe beko na maskini!”

Hivyo ndivyo kazi ile ilivyoanza katika mji wetu. Baada ya nyumba ya Henri ikafuata nyingine. Zorobabel aliingiza ndani familia zilizokimbia Oicha na Mambasa, akazifundisha masharti: jiko la makaa karibu na dirisha, dirisha wazi hata kukiwa na baridi, watoto walale mbali na ukuta, na siku ya kutoka hakuna ugomvi. Wafanyabiashara walipata nyumba kavu zisizoguswa na askari. Waliokimbia walipata paa. Miji yote mikubwa ina watu wanaoingia kwanza ili wengine waingie vizuri. Hapa kwetu kwa miaka ile walikuwa jirani zetu, na wengi wenu mnaosikiliza mlikuwa miongoni mwao.

Vifua vya watoto ndivyo alivyoviogopa. Kila jioni alihamisha mikeka yao katikati ya chumba. Hata hivyo Bénite alipata kikohozi katika nyumba ya Henri. Hakikuwa kibaya, dawa za majani zilikituliza, lakini hakikuisha. Kilikuwa na alama yake: mwisho wake ulilia kidogo, tak, kama mtu anayefunga kisanduku. Baba naye alikuwa na kikohozi chake, kizito, cha vumbi la miaka yote ile ya kazi. Mariette alisema akiwa jikoni alijua nani yuko wapi bila kuita jina.

Shuleni watoto wengine waliwaita Ba-éponge, yaani sponji, kwa sababu walikaa wakifyonza maji ya nyumba za watu. Baba alikuwa Papa Éponge. Siku moja mtoto wa tajiri mmoja, ambaye katika nyumba yao Bénite alikuwa amelala miezi miwili pamoja na familia iliyoikausha, aliimba jina hilo mbele ya darasa lote. Bénite alimngoja amalize.

“Muliingia ile nyumba yenu kisha sisi kutoka, hapana vile?”

“Ndiyo. Ni yetu.”

“Basi ukuta yenu ilikauka na pumzi yangu. Ukilala, uko unalala ndani yangu. Lala muzuri.”

Mtoto huyo, alivyosimulia mama yake, alikataa kulala chumbani kwa wiki nzima.

Tarehe 17 Oktoba 2000 Bénite alikwenda Oicha pamoja na mama yake mdogo, kung'oa mihogo iliyobaki shambani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Wakati wa kurudi, lori lao lilisimamishwa na watu wenye silaha mahali ambapo msitu unafika barabarani. Abiria walikimbia kila upande. Mama mdogo alitoka msituni kesho yake, miguu imechanika. Wengine walitoka baada yake, mmoja mmoja. Bénite hakutoka. Zorobabel na Éliakim walitembea vijiji vyote vya ukingo ule, wakauliza mpaka watu wakawaambia warudi, kwani kuuliza sana kulikuwa kumeanza kuwa hatari. Hakupatikana msichana. Hakupatikana mwili, wala nguo, wala kiatu.

Na wakati huo kuta za Henri zilikuwa zimekauka.

“Tukitoka, atarudi wapi?” Mariette alimwuliza mumewe. “Anajua mulango huu.”

Henri hakuwafukuza, na hilo liandikwe. Ni Zorobabel aliyesema neno ni neno, kwa sababu kama yeye angekatalia ndani, hakuna tajiri ambaye angefungulia tena familia iliyokimbia. Lakini tangu siku hiyo hakukubali kukausha nyumba ambayo kutoka dirishani mwake lango la Henri halionekani. Alikataa nyumba nzuri kwa sababu hiyo, na watu walishangaa. Virginie, mke wa Henri, alimwahidi Mariette kwamba msichana yeyote atakayepiga hodi atapewa kiti kwanza na maswali baadaye.

Mwezi wa tano wa 2001, katika mvua ya mchana, Virginie alituma mtu amwite Zorobabel. Alipofika alimkuta amesimama katika chumba walimolala watoto zamani, mikono kiunoni.

“Papa Zorobabel, weye mwenye kujenga, niambie. Ukuta inakohoaka?”

“Ni maji, mama. Chokaa ikinywa mvua inalialia.”

“Maji iko na adabu? Hii inangoja nimalize kusema, njo inakohoa.”

Mvua ilipiga ukuta wa nje. Zorobabel, ambaye alikuwa amekumbuka jambo fulani, alifunga mdomo wake kwa kiganja. Kikohozi kikatoka kwenye chokaa, kizito, cha vumbi. Virginie alimtazama usoni, akatazama kile kiganja, akarudi nyuma hatua moja. Ndipo kikaja cha pili, chembamba, na mwisho wake ukalia: tak.

Zorobabel alikaa chini sakafuni.

“Ni banani?” Virginie aliuliza.

“Ya kwanza ni mimi.”

“Na ya pili?”

“Fasi yoyote eko,” alisema, “mahali popote, eko anapumua.”

Tangu hapo kila mvua ilipoanza kunyesha, mlimwona akivuka bonde na mwavuli wake wenye kipini cha mfupa, aliouleta kutoka Berlin. Wengine mlisema anakwenda kuomba kazi. Wengine mlisema maneno mabaya zaidi. Alikuwa anakwenda kuketi ukutani. Mariette alikwenda naye mara chache tu, kwa sababu, alisema, mtu mmoja lazima abaki nyumbani akimngoja mtoto kwa njia ya kawaida.

Saruji ilipoanza kuvuka tena, mwaka 2002, Henri alitaka kubomoa ukuta ule na kuujenga upya. Alichoka na wafanyakazi wa ndani waliokimbia kazi. Virginie alisimama mbele ya mafundi na nyundo zao.

“Henri, mutoto wa batu eko ndani.”

“Eko ndani ya ukuta?”

“Eko ndani ya dunia! Ukuta njo inatuambia.”

Mafundi walilipwa siku yao, wakarudi kwao. Henri anasema mpaka leo hajui kwa nini alikubali.

Ugonjwa wa marehemu ulianza kujionyesha mwishoni mwa mwaka huo. Kikohozi kilishuka chini, kikapata damu. Alitibiwa katika kituo cha afya, akapata nafuu wakati wa Pasaka, akaanguka tena mwezi wa tano. Waliokuwa wakikausha nyumba pamoja naye walipeana zamu ya kukaa naye. Akiwa kitandani alimsimulia kaka yetu mkubwa Zacharie na mwandishi wa maneno haya habari ya Mama Hedwig, yote, mpaka ile siku ya makaburini. Zacharie alimwambia apumzike. Alisema atapumzika, lakini mtu aende akasikilize. “Mimi nikinyamaza mule ndani,” alisema, “mutajua ile ingine ni ya nani, na iko namna gani.”

Alifariki alasiri ya tarehe 12 Juni 2003, siku ya ine, yaani Alhamisi, katika nyumba ya tano aliyokuwa akiikausha. Mke wake alikuwa amemshika mkono. Dirisha lilikuwa wazi, na lango la Henri lilionekana.

Jana, siku ya tano, yaani Ijumaa, ilibidi karatasi hii ichapwe kabla jenereta ya mchapaji haijazimwa. Katika matanga kukazuka swali: jina la Bénite liandikwe wapi? Mnajua kwamba mwishoni mwa maneno kama haya kuna majina ya waliomtangulia marehemu na majina ya aliowaacha. Zacharie, kwa upendo na si kwa ukali, alisema liandikwe kwa waliotangulia.

“Mama Mariette alie mara moja, amalize. Mwaka wa tatu huu. Mutu hapana zika nusu.”

Pasteur Ésaïe, atakayetuombea kaburini, aliunga mkono. Aliposikia habari ya ukuta alitikisa kichwa. “Kanisa hapana ulizaka ukuta, mama.”

“Basi kanisa itanisindikiza,” alisema Mariette. “Iko karibu.”

Walikwenda wanne: Mariette, Pasteur, Zacharie na mwandishi wa maneno haya. Jua lilikuwa kali, mwezi huu hauna mvua. Virginie aliwafungulia bila kuuliza. Mariette aliomba beseni la maji, akazunguka nyumba, akayamwaga kwenye ukuta wa nje, beseni moja, halafu jingine, kama mtu anayeosha kilicho chake. Kisha aliingia, akaketi sakafuni. Wote waliketi.

Ukuta ulikunywa maji. Ulisikika ukinywa. Walingoja kikohozi kizito, kile cha vumbi, ambacho kwa miaka miwili kilikuja kwanza siku zote. Hakikuja. Mariette aliinamisha kichwa, na hapo tuliona kwamba mpaka dakika ile alikuwa hajaamini kuwa mumewe amekufa. Nje mtu alipita akipiga filimbi, akapotea. Ukuta ulikuwa ukuta.

“Munaona?” Pasteur alisema polepole. “Hakuna kitu. Tuombe, twende.” Zacharie alikuwa ameshaanza kusimama.

Ukakohoa.

Haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa imeshuka, imepanuka, ilikuwa kifua cha mwanamke kijana. Lakini mwisho wake ulilia kama kisanduku kidogo kinachofungwa.

“Pole, mama,” alisema Pasteur Ésaïe.

Alisema kama sisi sote tunavyosema mtu akikohoa karibu nasi, kabla hajafikiri. Kisha alifunga mdomo wake. Hakuna aliyecheka.

“Iligeuka sauti tangu Papa Zorobabel aliacha kukuja,” Virginie alisema. “Niliogopa kuwaambia. Nilifikiri ni mutu mwingine aliingia.”

“Hapana,” alisema Mariette. “Eko anakomaa.” Alisogea, akaweka kiganja chake kwenye chokaa yenye unyevu. “Bénite. Papa yako ameenda. Usikunywe maji ya baridi.”

Kwa mchapaji Pasteur alisimama mwenyewe karibu na mashine, akasoma majina yalivyopangwa, akasema, “Ni vile.” Leo mkitaka kumwuliza alichosikia, mwulizeni yeye. Sisi tumeandika yaliyoonekana.

Waliomtangulia marehemu ni baba yake, Mzee Maliro, na mama yake, Kahongya. Ameacha mjane, Mariette. Kaka yake, Zacharie, na mdogo wake, Phinées. Familia zote alizoingia nazo katika nyumba mbichi, ambazo alizihesabu kuwa ukoo wake. Na watoto watatu: Éliakim, aliye hapa. Ézéchias, aliye hapa. Na Bénite, mwenye umri wa miaka kumi na saba, aliye mahali tusipopajua.

Mtu yeyote atakayeondoka na karatasi hii kuelekea Oicha, Mambasa au mbali zaidi, na akutane na msichana mwenye kikohozi tulichokieleza, amwambie hivi: lango ni lile lile. Mama yako anaonekana kutoka hapo, dirisha la pili upande wa bonde. Mwenye nyumba ile, ambayo baba yako hakumaliza kuikausha, alituambia jana kwamba ukuta bado ni mbichi na hakuna haraka ya kutoka.

Kambere Maliro Zorobabel, uliyelala maisha yako yote kwenye unyevu wa wengine: upumzike kwa amani, mahali pakavu.